Dada Yangu na Siku ya Posho

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Sisemi kwa kujisifu, wanasema watu wenyewe, uliza Likasi nzima kuanzia Kikula hadi Panda. Nimeona noti ya zairi milioni tano ikikataliwa na muuza nyanya. Nimeona mainjinia, watu wa kravati, wakikaa sokoni na vitasa vya milango ya ofisi zao wenyewe, wanauza. Nimeona karakana ikiondoka mjini kwa mkokoteni, bomba moja moja, mpaka likabaki paa, na wiki iliyofuata paa nalo likaenda. Wengine walikuwa wanalia. Mimi nilikuwa nanunua.

Shule niliacha darasa la tatu. Nilibeba magunia kituoni, begani, miaka sita. Gunia moja kati ya yale likawa langu, halafu kumi, halafu mia. Wakati nchi inaanguka, mimi nilikuwa nasimama: miaka thelathini na minne, depo mbili za unga, na lori la tani saba ambalo matairi yake yote yalikuwa ya aina moja. Wenye diploma walikuja na sahani kuniomba unga. Niliwapa. Moyo wa kutoa ninao, hata huo watu wanausema.

Basi aliyenishangaza ni dada yangu.

Alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja, mtu mzima wa miaka ishirini na minane, ambaye akili yake haikukua pamoja na mwili. Alilelewa na mama katika nyumba ya kambi ya Kampuni ya migodi, hakuwahi kukaa na mtu mwingine. Mama alipofariki nikamchukua kwangu. Mwaka ule majirani zetu wa Kasai, waliofukuzwa, walikuwa wamelala kituoni miezi na miezi wakingoja treni ya kuwatoa Katanga, na kila mtaa ulikuwa na nyumba zilizofungwa madirisha. Nyumba yangu ilikuwa imejaa. Niliona: mtu mmoja zaidi ni nini?

Na kwa kazi alikuwa mtu. Unga kwetu tunaupima kwa meka, mkebe mkubwa wa bati, na ukitaka kumjua mfanyabiashara mwizi angalia anavyosawazisha meka yake. Dada yangu alisawazisha kwa kijiti mpaka juu pakawa kama meza. Alihesabu hadi ishirini bila kukosa. Aliongea sana, na matusi aliyajua yote, na wateja walimpenda kwa hayo matusi. Ukikaa naye saa moja ungesema huyu hana neno, amechelewa kidogo tu.

Ila nisiondoke.

Na mimi nilikuwa mtu wa kuondoka. Pesa ya asubuhi haikuwa pesa ya mchana. Ukikaa nayo inaoza mfukoni kama samaki. Kila wiki ilibidi niikimbize hadi Kasumbalesa, mpakani, niigeuze unga, nirudi, niuze, nikimbie tena. Hata nyumbani sikukaa kitini, nilikula nimesimama mlangoni, naangalia barabara. Nikishaondoka, dada yangu anaanza. Anagonga paji la uso kwenye mlango wa depo mpaka damu. Anararua blauzi. Hali, hanywi, siku tatu, siku nne. Nikirudi, badala ya kufurahi, ananikamata mkono na kuuma. Alama moja ninayo mpaka leo, hapa chini ya kidole gumba.

Mke wangu alivumilia mwaka mzima. Halafu watu wa kanisa lake wakaja wakamwangalia dada, wakamwekea mikono, wakasema ana kitu ndani yake. Kulikuwa na nyumba ya maombi ng'ambo ya reli, ambapo watu kama yeye waliwekwa siku arobaini na kufunga chakula. Mke wa fundi viatu aliwekwa pale. Alitoka ametulia kweli, lakini vifundo vya mikono yake vilikuwa na mistari ya kamba, na tangu hapo hakumtazama mtu machoni.

"Papa ya batoto," mke wangu aliniambia, "minye nilichoka. Akipasua kichwa tena, anaenda kule. Weye haukuwe hapa, weye hauone damu."

Ilikuwa kweli, sikuwepo.

Mteja mmoja ndiye aliyenieleza habari za masere, mtawa mweusi wa kwetu, aliyekuwa anakuja kila Jumatano kwenye ukumbi wa parokia na makaratasi yake kuwapima watu wa namna hiyo. Si kuwapima akili, akasema mteja. Kuwapima roho: mtu anahuzunika namna gani, anaogopa namna gani, anamshika nani akiogopa. Mimi nikasikia neno moja tu, kupima. Kupima maana yake pointi. Nikasema dada yangu atapita, na atapita wa kwanza. Nikirudi na karatasi yenye muhuri kwamba amepita, nani wa kanisa atasema ana kitu?

Jumatano tukaenda. Dada nilimvisha kitambaa kipya. Masere alikuwa mwanamke mfupi, kalamu yake ameifunga kwa uzi shingoni kwa sababu zama zile kalamu ilikuwa inaibiwa kama kuku. Akamwacha dada acheze na vifuniko vya chupa kwenye mkeka, akanigeukia mimi.

"Papa, akiogopa, anakimbilia nani?"

"Haogopi, masere. Ni damu yetu."

"Akiumia?"

"Anajifunga kitambaa mwenyewe, anaendelea na kazi."

"Mwenzake akilia?"

"Anamutia moyo. Anamuombea."

"Ukitoka, ukimuacha?"

"Ananiambia, yaya, fanya kazi yako muzuri."

Yaya ndivyo tunavyomwita aliyekutangulia kuzaliwa. Masere alikuwa hajaandika hata neno moja. Alinitazama juu ya miwani.

"Papa, hii haiko examen. Hapa hakuna kupita, hakuna kurudia darasa."

"Masere, kila kintu iko na pointi." Nikasukuma kwa mguu gunia dogo la unga nililolibeba mwenyewe, likafika kwenye viatu vyake.

"Na hii ni ya nini?"

"Ya kusaidia pointi."

Masere akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaenda upande. Dada yangu naye akacheka, hajui anacheka nini. Mimi nikabaki nimesimama na aibu yangu, mtu wa depo mbili. Katika nchi ile mitihani yote ilikuwa na mlango wa nyuma, mimi ningejuaje kwamba huu hauna?

"Rudisha unga yako ku nyumba," akasema. "Jumatano ingine uniletee kweli. Ukiniongopea, sitamupima yeye, nitakuwa nakupima weye."

Wiki ile sikulala vizuri. Jumatano iliyofuata nikamwambia kweli. Nilisema damu, nilisema blauzi, nikamwonyesha mkono wangu. Nikamwambia habari za nyumba ya maombi. Masere aliandika sana, ukurasa wa kwanza, wa pili. Aliuliza vitu ambavyo sikuwahi kuviangalia. Analala ameshika nini? Nikakumbuka: analala ameshika koti langu la mvua. Kitu kikifichwa, anakitafuta au anakisahau? Mgeni akiingia, anakwenda kwa mgeni au anakuja nyuma yangu? Anakuja nyuma yangu. Mtu mzima, mrefu kuliko mke wangu, anakuja kusimama nyuma yangu na kushika mkanda wa suruali.

Halafu akasema, "Papa, toka inje. Usimuambie kintu."

Nikatoka, nikasimama nyuma ya mlango. Nilihesabu pumzi zangu. Kwanza kimya, vifuniko vya chupa vinagongana. Halafu vifuniko vikanyamaza. Halafu nikasikia ukuta: du. Du. Du. Masere hakuniita. Nilitaka kuingia, nilitaka kuondoka kabisa, niende kwenye lori langu. Alipoita niliingia mbio, na dada yangu hakunikimbilia. Aligeuza uso, akajiuma mkono.

Tukangoja mpaka akatulia.

"Sasa toka tena," akasema masere. "Lakini muage."

Nikainama, nikamwambia vizuri, kwa sauti ya upole niliyotumia kwa wateja wakubwa, "Dada, ninaenda safari kidogo, nakuya."

Lo! Alijitupa chini akakamata miguu yangu yote miwili. Alipiga kelele ambayo nilikuwa sijaisikia kwa sababu siku zote ilipokuwa ikitoka mimi nilikuwa tayari barabarani. Watu wakaja madirishani. Masere alipiga magoti, akamkumbatia kwa nyuma, akamtikisa polepole kama mtoto, na dakika nyingi zikapita.

"Ile neno," masere akaniambia. "Usiseme tena ile neno. Sema ingine."

Sikuelewa. Nikasema, "Naenda ku choo. Nakuya."

Dada yangu akaniachia miguu. Akanitazama nikienda. Nikasimama nje, nikahesabu pumzi, ukuta ukanyamaza. Niliporudi alikuwa amekaa, macho kwenye mlango, hajagusa vifuniko, lakini hajajigonga.

Masere akamuuliza, "Safari njo nini?"

Dada yangu akamjibu bila kufikiri, kama mtu anayeulizwa jina lake. "Safari njo mama."

Hapo ndipo niliposhangaa, mimi huyu. Nikakaa kwenye kibao cha watoto wa katekisimu.

Kwa sababu ni mimi niliyemwambia. Siku ya mazishi shangazi zetu walimpeleka nyumba ya jirani, wakampa muwa atafune, asione sanduku. Kwetu ndivyo inavyofanywa. Mtu kama yeye haambiwi, mtoto haambiwi. Jioni alipouliza mama yuko wapi, mimi kaka mkubwa nikasema, kwa adabu, kama tunavyosema sote: "Mama amesafiri." Nikaona nimelimaliza neno vizuri. Na kila wiki baada ya pale, mke wangu, dereva, wateja, wote: patron yuko wapi? Amesafiri. Amesafiri. Amesafiri. Nilikuwa nakufa kila Jumanne na kufufuka kila Jumamosi, na nikirudi nashangaa kwa nini ananiuma.

Masere akanisomea karatasi yake. Kwa maneno na kazi za mikono, alisema, dada yangu ana miaka sita, labda saba. Kwa roho, mwaka mmoja na nusu.

Nilikasirika. "Mwaka moja na nusu! Huyu anapima meka kuliko bibi yangu!"

"Mikono yake inapima. Minye nakuambia juu ya roho."

"Masere, huyu anatukana kama dereva!"

"Njo maana bote munamuona mukubwa, munamuomba bintu ya bakubwa. Weye iko na batoto?"

"Watano."

"Mutoto wa mwaka moja na nusu, unamuachaka siku ine na batu asijue utarudia?"

"Hapana. Mama yake anamubeba."

Akaikunja karatasi akanipa. Haikuwa na muhuri. Ilikuwa na mambo ya kufanya, na mimi kusoma kwangu ni kwa kidole, kwa hiyo akayarudia kwa mdomo. Mwambie ukweli juu ya mama yenu, mpeleke akaone kaburi. Usimtoroke. Mwambie unakwenda, na siku ya kurudi, siku anayoijua. Mwachie kitu chako. Na siku uliyosema, urudi. Hilo la mwisho alilirudia mara mbili.

Makaburini tulikwenda sisi wawili. Nilimwonyesha udongo, nikamwambia mama yuko humu, alikufa, hakusafiri. Akauliza anakula nini. Nikasema hali tena. Akauliza kama ni mimi niliyemficha. Nikasema ndiyo, ni mimi. Alinipiga kofi moja la shavu, zuri, la mtu mzima, halafu akakaa chini akaanza kung'oa majani juu ya kaburi.

Shida ikawa siku. Siku ya Jumanne haijui, tarehe haijui. Siku moja tu aliijua: Jumamosi. Sisi Katanga Jumamosi tunaiita siku ya posho, kwa sababu zamani ndiyo siku Kampuni ilipowagawia wafanyakazi unga na samaki, na mama alikuwa anakwenda naye kwenye mstari kila wiki, tangu mdogo. Posho yenyewe ilikuwa imekufa. Jina limebaki. Nikamwambia, "Naenda ku unga. Nitarudia siku ya posho." Nikamwachia koti la mvua.

Mtu wa biashara hatangazi anapokwenda. Kuna wivu, kuna wenye bunduki njiani, kuna wanaotaka kujua umebeba nini. Miaka yote mimi niliondoka kama moshi. Sasa dada yangu anakaa na meka yake mlangoni na kumwambia kila anayekuja: "Yaya alienda ku unga, anarudia siku ya posho!" Dereva wangu alinung'unika mpaka akachoka. "Patron, unajitangaza sawa mufu wa redio."

Lakini safari ya kwanza (nisamehewe neno) hakupasua kichwa. Alilia, alikula kidogo. Ya pili alikula. Ya tatu mke wangu alisema tu kwamba kila asubuhi anauliza, "Leo njo posho?" na mtaa mzima unamjibu, "Bado!" Mke wangu hakuondoa neno lake hata hivyo. "Damu moja tu," alisema, "siku moja tu, na banakuya kumubeba." Wale wa nyumba ya maombi walikuwa wanapita kila wiki kuuliza, kama watu wanaongoja embe liive.

Wiki ya nne, mpakani, lori langu likakamatwa. Magunia mia mbili juu, nimeshalipa kila mlango, na Ijumaa mchana wakasema karatasi moja imebadilika, ngojeni Jumatatu. Malori yote yakapanga mstari. Wenzangu wakafurahi: mpaka Jumatatu unga utapanda, tutauza bei ya juu. Wakatandika maturubai, wakatoa karata. Mimi nilizunguka lori mara ishirini. Nilikaa, nikasimama. Akilini niliona mlango wa depo. Niliona watu wa maombi wamesimama ng'ambo ya barabara, wanangoja jua lizame Jumamosi.

Kulikuwa na mama mmoja mnene, mnunuzi, mwenye kiti chake cha kukunja, aliyekuwa ananunua hapo hapo kutoka kwa watu wenye haraka. Nilikuwa namcheka siku zote, pamoja na wale waliomuuzia. Nikaenda kwake.

"Mwanaume," akasema, "unakimbia nini? Uliiba?"

"Dada yangu ananingoja siku ya posho."

"Dada yako eko na miaka ngapi?"

"Ishirini na minane."

"Basi atangoja."

"Hapana, mama. Huyu eko na mwaka moja na nusu."

Akanitazama juu mpaka chini, akaona ni kichaa, akashusha bei zaidi. Nilikubali. Mimi, ambaye tangu gunia la kwanza sikuwahi kuuza chini ya nilivyonunua.

Dereva nikamwachia lori. Nikapanda gari la samaki hadi Lubumbashi, nikalala nimekaa, asubuhi nikapata lori la mkaa, likafa karibu na Kapolowe. Ilikuwa saa saba mchana. Nikamkodi mtu wa baiskeli aliyekuwa anapeleka mkaa Likasi, nikakaa juu ya gunia lake kama kuku anayepelekwa sokoni, na kwenye milima tulishuka tukasukuma pamoja. Watu wanaonijua walinipita wakapiga honi. Nilikuwa nahesabu jua tu.

Niliingia mtaani jua likiwa bado juu ya miti. Wale wawili wa maombi walikuwepo kweli, wamekaa kwenye ukuta wa jirani na Biblia zao magotini. Mke wangu alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. Dada yangu alikuwa ndani na meka yake, koti la mvua amelivaa, paji la uso zima. Aliinua kichwa akanitazama, mweusi wa mkaa kutoka nywele hadi viatu.

"Yaya," akasema, "uko muchafu."

Akarudi kusawazisha meka ya mteja. Hakuniuma, hakuja hata kunisalimia. Mke wangu alimtazama yeye, akanitazama mimi, halafu akatoka akavuka barabara kwenda kuongea na wale wawili. Sikusikia aliwaambia nini. Waliinuka, wakaenda zao.

Jumatatu unga ukapanda mara mbili, kama walivyosema, na wenzangu wakarudi matajiri, wakanicheka mwezi mzima. Wacha wacheke. Hasara ya magunia mia mbili, nauli ya samaki na ya mkaa, pamoja na baiskeli, jumla ilikuwa dola mia nne sitini na tatu na nusu.